Fisi na Kipimo cha Mlango wa Nyuma

Hodi ya ngano.

— Ipite, mlango u wazi.

Ikipita itakaa wapi?

— Ikae katikati, isitukalie njiani.

Vyema. Basi wewe uliyeegemea mlango, sogea kidogo, ili ngano ipate pa kuingilia na sisi tupate pa kutokea.

Hapo kale, katika nchi ya alizeti, ambako upepo wa kiangazi huvuma tangu asubuhi na kukausha hata ulimi mdomoni, Fisi alikuwa na kinu cha kukamulia mafuta. Kinu kilikuwa na milango miwili. Mlango wa mbele ulikuwa mpana, na kando yake ndipo iliposimama injini, ikinguruma du-du-du-du na kutema cheche kupitia bomba lake la moshi. Mlango wa nyuma ulikuwa mwembamba, na hakuna aliyekumbuka rangi yake, kwa kuwa Fisi alikuwa ameuziba kwa magunia ya mashudu, yale makapi yanayobaki mbegu zikishakamuliwa, ambayo hununuliwa kwa kunenepeshea ng'ombe.

Kinuni humo walifanya kazi wanyama wadogo wengi. Nungunungu, mnene kuliko wote, alibeba mbegu. Kobe alizichekecha kwenye kona ya mwisho kabisa, mbali na mlango wa mbele kuliko mtu yeyote. Na Pimbi alipima mafuta. Ukoo wa Pimbi, kama mjuavyo, ni walinzi wa majabali: mmoja akila, mwingine huangalia. Huyu wetu alikula na kuangalia kwa wakati mmoja, na kwa sababu hiyo hakunenepa.

Siku moja cheche iliruka, pwii, ikaangukia maganda makavu. Moto ukashika, fuu. Wafanyakazi wote wakakimbilia mlango wa mbele, wakasongamana, huyu kamkanyaga yule, miiba ya Nungunungu ikawachoma waliokuwa nyuma yake. Bahati, upepo ulitulia kidogo, na mtungi wa maji ya kunywa ukatosha kuuzima moto. Yote yalipokwisha, Kobe alikuwa bado yuko konani kwake. Ndiyo kwanza alikuwa amegeuka.

Pimbi akapiga hesabu. Moto humaliza ukuta mzima wakati Kobe anavuka nusu ya sakafu, na Kobe ana sakafu nzima ya kuvuka. Akaipiga upya kwa njia nyingine, jawabu likawa lilelile. Tangu siku hiyo hakutulia. Akipima mafuta, anatazama bomba la moshi. Akila, anatazama bomba la moshi. Akilala, masikio yanacheza.

Akamwendea Fisi, akamwomba auzibue mlango wa nyuma. Fisi akamjibu kwamba gunia lililosimama mlangoni ni mali, bali mlango usio na gunia ni tundu tu ukutani. Akamwendea tena, akamweleza habari za Kobe. Fisi akasema Kobe ana nyumba mgongoni, ajifungie humo. Akamwendea mara ya tatu, naye Fisi akamwambia akaendelee kupima mafuta.

Lakini Pimbi alikuwa ameona jambo siku ile ya cheche. Wenzake walipokuwa nje wakikohoa, Fisi aliingia ndani peke yake, na waliporudi walikuta chungu cha kunde cha Nungunungu kimelambwa hadi kinang'aa. Bosi anayeingia ndani ya moshi kufuata kunde, Pimbi alijisemea, anaweza kuongozwa kwa kunde mpaka popote.

Akarudi kwa Fisi na wazo jipya: zoezi la kujiokoa. Itundikwe rimu ya gari kuukuu. Ikipigwa, ngwe-ngwe-ngwe, kila mtu aache kazi na kutoka nje. Fisi akauliza ni nani atakayemfidia muda huo. Pimbi akasema hilo halijui, ila kanuni ya kwanza ya zoezi ni kwamba hakuna anayetoka na mzigo.

"Mzigo gani?" Fisi akauliza.

"Wowote, Mzee. Jembe, kikapu, chungu cha chakula."

"Hata chakula?"

"Chakula hasa."

Fisi akameza mate, gulu. Akasema usalama wa wafanyakazi ni jambo lililomnyima usingizi siku nyingi, na kwamba zoezi lifanyike kila siku, saa ya chakula.

Rimu ikalia, ngwe-ngwe-ngwe. Wafanyakazi wakatoka kwa mlango wa mbele. Fisi akaingia vyunguni, nyam-nyam-nyam. Lakini uwanja wa mbele ulikuwa karibu, nao wakarudi kabla hajakifikia chungu cha pili. Akanung'unika kwamba watu hawa wanajiokoa upesi mno. Pimbi akakiri kosa. Kama wangetokea nyuma, wakakusanyike kwenye kichuguu kule ng'ambo ya shamba, bila shaka wangechelewa kurudi. Ila basi, mlango wenyewe una magunia.

Fisi hakusubiri mpagazi. Aliyabeba magunia mwenyewe, moja baada ya jingine, huku akihema hu-hu-hu, mpaka mlango ukaonekana. Ulikuwa wa kijani.

Rimu ikalia, ngwe-ngwe-ngwe. Wakatoka kwa mlango wa nyuma. Fisi akaingia vyunguni, nyam-nyam-nyam. Wamerudi upesi, akanung'unika. Pimbi akamweleza kwamba, kwa utaratibu uliokamilika, watu wakishafika nje huitwa majina yote, na anayefaa kuyaita ni Kobe, kwa kuwa husema kwa mwendo uleule anaotembelea. Ila sharti kazi yake ihamishiwe jirani na mlango wa nyuma, ili atangulie kutoka. Fisi akamhamisha Kobe pamoja na chekecheke lake.

Rimu ikalia, ngwe-ngwe-ngwe. Kobe akaita majina. Fisi akaingia vyunguni, nyam-nyam-nyam. Wamerudi upesi, akanung'unika. Pimbi akasema utaratibu hutaka pia ndoo za mchanga, mapipa ya maji na sururu nje ya mlango, na kwamba vitu hivyo hukaguliwa kimoja kimoja. Fisi akavileta vyote kabla jua halijazama.

Likabaki jambo moja. Pimbi akaomba ukuta ubomolewe kidogo, mlango upanuliwe. Fisi akamwita Nungunungu, akamwamuru alaze miiba na kupita. Nungunungu akapita.

"Mnene wenu amepita," Fisi akasema. "Kipimo kimetosha."

"Na wewe, Mzee?"

"Mimi ndiye mwenye kinu. Nitatokea mbele."

Mtauliza wafanyakazi walikula nini siku zote hizo. Chakula chao cha kweli kilifichwa kichuguuni tangu asubuhi, ndiyo maana rimu ilipolia hakuna aliyehitaji kuhimizwa. Vyungu vya kinuni walivijaza uji mzito, wenye chumvi na bizari, wa mashudu yaliyochotwa katika magunia yaleyale ya Fisi. Fisi aliyasifu mapishi. Na kwa kuwa mashudu hayachagui yamnenepeshe nani, akanenepa. Mkanda ukahama tundu, ukahama tena, mwishowe ukaachwa nyumbani.

Ikafika siku ya upepo mkali. Tangu alfajiri mabati yalikuwa yakigonga, ka-ka-ka. Pimbi hakuweza kupima mafuta. Alikaa, akasimama, akazunguka, akakaa tena. Saa ya chakula ilikuwa bado. Bomba likatema cheche, pwii, na maganda yote ya upande wa mbele yakawaka, fuu.

Ngwe-ngwe-ngwe. Kobe akainuka, akatoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Hakuna aliyesukuma, hakuna aliyebeba kitu. Fisi akaisikia rimu, akalitazama jua, akaona leo chakula kimewahi. Akaingia vyunguni.

Pimbi, wa mwisho kutoka, akasimama kizingitini. "Mzee, leo ni moto wa kweli. Toka."

"Safi sana," Fisi akasema, mdomo umejaa. "Leo mmeigiza vizuri, mpaka moshi upo."

Pimbi akamwambia tena. Fisi akampungia mkono aende zake, na asiharakishe kurudi. Ndipo joto lilipomfikia mkiani. Akakimbilia mlango wa mbele, akakuta umekuwa moto mtupu. Akakimbilia mlango wa nyuma. Kichwa kikapita. Mabega yakapita. Tumbo likagoma.

Wafanyakazi wakamshika mikono, wakavuta, heee-yaa, heee-yaa. Hakusogea.

"Mzee," Pimbi akasema kwa adabu, "kanuni ya kwanza, hakuna anayetoka na mzigo."

"Sina mzigo, mwanangu. Tazama mikono yangu."

"Umeumeza."

Alisema hivyo, lakini masikio yake yalikuwa yakicheza kuliko siku zote, maana katika hesabu zake zote hapakuwa na mtu wa kufia mlangoni.

"Bomoeni ukuta," Fisi akalia.

"Kwa kipimo cha nani?"

"Changu. Kipimo changu, jamani, na shubiri moja zaidi."

Sururu ilikuwa papo hapo. Gu, gu, gu. Ukuta ukaporomoka, Fisi akachomoka pamoja na matofali, manyoya ya kiunoni yameungua na miguu ya nyuma imelegea. Na tangu hapo wote wa ukoo wake wako chini kwa nyuma. Ndoo za mchanga zikapita mkono kwa mkono, mapipa yakamwagwa, na moto ukazimwa kabla haujafika kwenye mashine za kukamulia.

Wakakusanyika kichuguuni. Kobe akaita majina, taratibu kama kawaida yake, na siku hiyo hakuna aliyemharakisha. Kila jina likaitikiwa. Alipofika mwisho akatafakari, kisha akaongeza jina ambalo halikuwahi kuitwa.

"Fisi."

Fisi alikuwa ameketi nyuma ya wote. Aliutazama mlango wa nyuma, sasa mpana, unaofuka moshi.

"Nipo," akasema, kwa sauti ndogo kuliko ya Pimbi.

Baada ya hapo alisimulia sokoni kwamba mlango ule aliupima yeye mwenyewe. Katika hilo hakusema uongo.

Ngano hii ina mafunzo mawili, nayo hayapatani. La kwanza, msimdanganye mwajiri wenu hata mara moja, na msimpikie mashudu. La pili, mkitafuta mwajiri, tafuteni aliye mlafi, kisha mlisheni vizuri, ili milango yenu ipimwe kwa tumbo lake.

Ngano yangu imetokea mlango wa nyuma, haina mzigo. Mwenye yake na aingilie wa mbele.

— Ipite, mlango u wazi.

Si kweli. Wewe uliyeegemea mlango, naona umerudi palepale.