Mimba ya Tano

Wahenga hawakumung'unya maneno waliposema mficha uchi hazai. Anayeona aibu kueleza shida yake hujifungia mwenyewe mlango wa msaada. Asiyeamini na amuulize Eugenia wa Nyakato.

Miaka ile viwanda vya minofu ya sangara vilichipuka Mwanza kama uyoga, na Eugenia alikuwa mkata minofu hodari. Umri wake ulikuwa miaka arobaini na moja, na furaha ilimjaa hadi kooni: alikuwa na mimba ya miezi mitatu! Aliimba akikata samaki, akaimba akiosha vyombo, lakini alipoulizwa kulikoni, alijibu, "Basi tu." Mimba nne zilikuwa zimemharibikia. Kila mara yeye na mumewe, Ponsian, waliwaambia watu ni malaria, na kila mara alikwenda hospitali nyingine akadai kwamba hiyo ndiyo mimba yake ya kwanza, asije akaonekana mwenye mkosi.

Safari hii aliyemuumbua ni senene. Wifi yake, Kokulinda, alishuka melini kutoka Bukoba na kikapu cha senene wa kukaanga, panzi watamu wa kwao, chakula alichokipenda Eugenia kama roho yake. Aliwanusa tu, akakimbilia uani kutapika.

"Ee! Wifi yangu!" Kokulinda alipiga vigelegele vilivyowatoa majirani nje. "Kesho nakupeleka kliniki mwenyewe!"

Eugenia alinywea. Siri ya mimba zile nne ikifichuka kliniki, maneno ya wifi yake yangefika Bukoba kabla ya meli, na ukoo ungemtafutia Ponsian mke mwingine.

"Mama, hii ni mimba ya ngapi?" daktari wa kliniki aliuliza kesho yake, Kokulinda akiwa ameketi kando.

"Ya kwa..." Akajirudi. Alimtaka mtoto huyu kuliko alivyoiogopa aibu. "Ya tano, daktari. Nne zimeharibika, zote mwezi wa tano."

Kokulinda aliruka kitini. "Misiba minne, Eugenia! Misiba minne, na mimi sikuitwa kulia?" Akamkumbatia, wakalia pale pale kilio kilichocheleweshwa miaka mingi.

Daktari aliwasubiri, kisha akasogeza kiti. "Zote mwezi wa tano? Basi sikiliza, mama. Si uchawi, wala si kosa lako. Nadhani mlango wa kizazi hulegea mtoto akianza kuwa mzito. Tunaweza kuushona. Siwezi kukuahidi, maana umri nao umesogea, lakini sasa tunajua tunapambana na nini."

Akashonwa. Kokulinda alilitwaa jiko, akamkataza wifi yake hata kuinua ndoo. Mwezi wa tano ulipoingia, nyumba nzima iliishi roho mkononi. Ukapita! Wa sita nao ukapita! Mwezi wa tisa, vigelegele vya Kokulinda vikaitikisa wodi.

"Hongera, mama," muuguzi alisema, akimfunika binti mchanga. "Ni mtoto wa kwanza?"

"Wa tano," Eugenia alijibu kwa sauti iliyofika kitanda cha mwisho, "na simfichi hata mmoja."

Hakika, mficha uchi hazai.