Kapu Lisilo na Sukari

"Kapu lina mdomo, mchukuzi hana."

Hivyo ndivyo yule muuguzi alivyomjibu jirani aliyekuwa akimchimba habari za mgonjwa wake, nanyi mkaangua kicheko mkidhani ni mzaha. Ni methali, wajukuu zangu, ingawa bado changa, na baadhi ya waliokuwapo siku ilipozaliwa wangali hai na wanakula ugali wao. Mmetaka kujua ilitoka wapi. Ilitoka Mwarungu, kijiji kilicho kando ya mashamba ya katani, na aliyeileta duniani ni mwanamke mmoja ambaye hakuweza kuona kifuniko asikifunue.

Mwanamke huyo aliitwa Wakesho. Akiona gari geni limesimama barabarani, lazima aulize ni la nani. Akisikia mtoto analia nyumba ya tatu, atauliza kafanywa nini. Hata ukimpa mchicha wa bure, atauliza umechumwa shamba gani. Mumewe, Mwadime, dereva wa lori la katani, alizoea kumwambia, "Mama Saru, wewe siku moja utamwuliza maiti anakwenda wapi." Naye Wakesho humjibu, "Akijua, si atanijibu?"

Saru, binti yao, alikuwa ameolewa Mombasa. Nyumbani walibaki watatu: Wakesho, Mwadime, na mama yake Mwadime, Bibi Mghoi, ambaye presha ilikuwa imemfanya mtu wa kukaa kitini na kutoa amri.

Ndipo ukaja ule mwaka wa korona. Soko lilifungwa, barabara zikawekwa vizuizi, na kampuni ya katani ikapunguza kazi, lori la Mwadime likakaa bila kuguswa. Serikali ikatangaza kwamba watu wenye maradhi ya kudumu, kama presha, pumu, kisukari na moyo, wasitoke nje kabisa, kwa kuwa ugonjwa ule ukiwapata hauwaachi. Chakula wangeletewa mlangoni. Kila zahanati ilijua wagonjwa wake, na makapu yakafungwa mjini kulingana na wagonjwa hao, kapu moja kwa kila nyumba. Yalikuwa makapu ya katani, midomo yake imeshonwa kwa kamba.

Pale Mwarungu kazi ya kuyagawa alipewa Mkamburi, mhudumu wa afya wa kijiji. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye maneno machache. Aliyapakia makapu kwenye wilbaro, akasukuma nyumba hadi nyumba. Akifika huweka kapu kizingitini, hurudi nyuma hatua kadhaa, hupiga hodi kwa mbali, na akiona limepokewa hwenda zake.

Kapu la kwanza lilipofika kwa akina Wakesho, yeye mwenyewe alichukua kisu akakata kamba. Akatoa unga wa wimbi, maharagwe, pojo, dagaa, mafuta, chumvi na sabuni. Akatia mkono tena mpaka chini. Akaligeuza kapu, akalikung'uta.

"Unatafuta nini humo?" Bibi Mghoi akamwuliza.

"Sukari, Mama."

Sukari siku zile ilikuwa imeadimika dukani, na Bibi Mghoi hakunywa uji usiotiwa sukari. Alikuwa radhi ashinde na njaa. Wakesho akasema pengine serikali nayo imekosa. Lakini jioni alipopita kando ya ua wa jirani, alimwona mama wa nyumba ile akipanga vya kapu lake juu ya meza: unga wa mahindi, mchele, na pakiti ya sukari, nyeupe kama meno. Na nyumba ile mgonjwa wao alikuwa nyanya mwenye presha, sawasawa na Bibi Mghoi.

Basi shetani wa maswali akampanda.

Safari iliyofuata alimngoja Mkamburi langoni. "Dada Mkamburi, kapu letu limesahauliwa sukari."

"Halikusahauliwa," akasema Mkamburi.

"Basi iko wapi?"

Mkamburi akatazama vishikio vya wilbaro yake. "Kilichomo ndicho mlichopewa, Mama Saru."

"Mbona jirani amepewa? Wote si wa presha?"

Mkamburi akainua vishikio. Akasukuma wilbaro akaenda. Mwadime, aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango, akakohoa akasema, "Achana na sukari. Watu wanakufa huko, wewe unalilia sukari." Kisha akaingia ndani.

Kuondoka kwa Mkamburi bila maelezo kulikuwa kama kumwagia moto mafuta ya taa. Mtu asiye na hatia, Wakesho aliwaza, akiulizwa hueleza. Huyu kanyamaza kwa nini? Siku aliyokwenda bombani kuchota maji, wanawake wamesimama mbalimbali kila mmoja na ndoo yake, alilisema kwa sauti ili wote wasikie: "Jamani, sukari yetu inapotelea kwenye wilbaro."

Neno likitoka bombani, halina tena mwenyewe. Kesho yake ilisemekana Mkamburi anauza sukari ya wagonjwa. Kesho kutwa ikasemekana kuna mtu amemwona. Watoto wakawa wanamwimbia apitapo, "Sukari, sukari!" na nyumba moja ikakataa kupokea kapu mpaka lifunguliwe mbele ya mashahidi.

Chifu akamwita kwenye uwanja wa shule. Watu walikuja, kila mmoja na barakoa yake, wakasimama mbalimbali kama miche ya katani.

"Mama Mkamburi," chifu akasema, "sitaki kukuvunjia heshima. Tueleze tu. Kwa nini kapu la Mama Saru halina sukari?"

"Nilipewa kapu nibebe," Mkamburi akajibu. "Sikupewa la kusema."

"Unajua watu wanakuitaje?"

"Nasikia. Masikio ninayo."

Chifu akahema. Akamwambia kwamba Ijumaa, siku ya mgao, ama aje na maelezo ama aikabidhi wilbaro kwa mtu mwingine. Mkamburi akaitikia kwa kichwa, akajifunga leso yake vizuri, akaondoka peke yake.

Wakesho alirudi nyumbani kama mtu aliyeshinda kesi, lakini ushindi wenyewe haukumshuka kooni. Alimsimulia mkwewe yote yaliyopita. Bibi Mghoi alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Hebu niambie. Ile kamba ya kapu nani aliikata?"

"Mimi, Mama."

"Ulipoikata ilikuwa imefunguliwa ikashonwa upya?"

"La. Ilikuwa kamba ya huko mjini, imebana."

"Basi mwizi aliingilia wapi?"

Wakesho akalivuta kapu, akautazama mdomo wake. Alikuwa amewauliza watu wote wa Mwarungu, kumbe kapu lenyewe hakuliuliza.

Mwingine angeliacha jambo hapo akaona haya kimyakimya. Wakesho haya ilimwingia, ila swali halikumtoka. Kama haikuibwa, kwa nini haikutiwa? Alijitanda leso, akaanza kuzunguka kwenye nyumba zilizoletewa makapu, akisimama nje ya ua na kuuliza kila mmoja amepewa nini. Huyu ana sukari. Yule anayo. Mwishowe akafika kwa Mzee Mwanyumba, aliyekuwa ameketi mlangoni, mguu wake usio na vidole ameuweka juu ya kigoda.

"Shikamoo, Mzee. Kapu lako lilikuja na nini?"

"Marahaba, mwanangu. Unga wa wimbi, maharagwe, pojo, na vidagaa."

Wakesho akashika ua. Ni lile lile. "Na sukari?"

Mzee Mwanyumba alicheka mpaka akafuta machozi. "Nani aniletee sukari mimi? Imekwisha kunila vidole, nayo inataka kupanda. Sisi wa kisukari, mwanangu, hufungiwa kapu letu mbali."

Wakesho hakukumbuka kumuaga. Alirudi polepole, akihesabu watu wa nyumba yake. Bibi Mghoi alikuwa amepimwa, na Wakesho mwenyewe ndiye aliyemshika mkono. Wakaambiwa ni presha tu. Yeye Wakesho hakuwa amekanyaga zahanati tangu alipomzaa Saru. Alibaki mmoja. Na alipobaki huyo mmoja, mambo aliyokuwa akiyaona kila siku bila kuyauliza yakaanza kujipanga yenyewe: mtungi wa maji unaokauka kabla ya jioni, chai anayoisukuma kando akisema amekunywa kazini wakati kazi yenyewe imesimama, viatu alivyonunua vikubwa kuliko mguu wake. Mtu mwenye maswali ya kijiji kizima alikuwa hajapata kumwuliza mumewe swali moja.

Mwadime alikuwa nyuma ya nyumba akichonga mpini wa jembe. Wakesho alilichukua kapu tupu, akaliweka mbele yake, mdomo ukimtazama, akakaa chini. Hakuuliza kitu.

Mwadime alichonga, akachonga. Kisha panga likasimama.

"Mwaka wa pili sasa," akasema.

Wakesho akalishika kapu kwa mikono miwili.

"Dawa naziweka ndani ya lori. Siku hizi nakwenda kule gereji kana kwamba naangalia betri." Akafuta mikono kwenye suruali. "Ulimwuguza kaka yangu Mwakio humu ndani, Mama Saru, kisukari kilipomla. Ulimwosha, ukamgeuza, mguu ukakatwa ukiwa umemshika. Siku tulipomzika ulilala mchana kutwa, ukaamka ukaniambia, 'Baba Saru, mgongo wangu umekwisha.' Mimi ningeanzaje kukuambia kwamba ni zamu yangu?"

Machozi yakamshuka Wakesho, lakini sauti yake ilikuwa kavu. "Na Mkamburi alijua."

"Ndiye aliyenipeleka kupima. Nilimsihi asimwambie mtu. Akaniambia sina haja ya kumsihi, ndiyo kazi yake."

"Ukasimama nyuma ya mlango, ukanisikia namwita mwizi."

Mwadime akainamisha kichwa. "Kampuni wakijua, watanipokonya funguo za lori. Hofu ilinishika."

Wakesho aliinuka, akalichukua kapu. "Naweza kwenda sasa hivi kumsafisha yule mama," akasema. "Lakini siwezi kumsafisha bila kukuvua nguo wewe. Ugonjwa ni wako. Ijumaa iko karibu. Amua." Na tangu hapo hakumwongezea neno, jambo ambalo Mwadime alisema baadaye lilimtisha kuliko kisukari.

Ijumaa watu walijaa uwanjani. Mkamburi alikuja akisukuma wilbaro, ameiosha mpaka bati linang'aa, akaiegesha mbele ya chifu. Alikuwa amekuja kuikabidhi.

"Una la kutueleza?" chifu akauliza.

"Sina."

"Mimi ninalo," sauti ikasema kutoka nyuma.

Mwadime alipita katikati ya watu, kofia mkononi. 

"Kapu langu halina sukari," Mwadime akasema, "kwa sababu sukari iko kwenye damu yangu. Huyu mama alijua. Mmemtukana mbele ya watoto, mmetaka kumnyang'anya kazi, na hakutoa hata neno moja la kujiokoa, kwa kuwa neno lenyewe lilikuwa langu. Nami nilikaa nyumbani nikamwacha alibebe."

Mtu mmoja alianza kucheka, akaona yuko peke yake, akanyamaza.

Wakesho naye akatoka mbele. "Aliyesema bombani ni mimi," akasema. "Mdomo wa kapu lile niliukata mwenyewe, kwa kisu changu. Dada Mkamburi, nilikuchafua mbele ya watu, na mbele ya watu hao hao nakuomba radhi."

Wote wakamtazama Mkamburi, wakitaka kuona atalia au atafoka. Mkamburi aliishika wilbaro yake, akaigeuza. "Chakula cha wagonjwa kinachelewa," akasema, akaanza kusukuma.

Kampuni ilisikia, na kweli ikachukua funguo za lori. Mwadime akahamishiwa kwenye mizani, kupima katani inayoingia. Alinuna msimu mzima. Lakini dawa sasa alizimeza mezani, mkewe akimtazama, na vidole vyake vyote viko mahali pake hadi leo.

Mkamburi aliendelea kuleta kapu kama zamani: kizingitini, hatua za nyuma, hodi. Alipokaribishwa maji alisema ahsante, ana haraka. Hakuwa na kisasi, ila jeraha halifungwi kwa radhi ya siku moja. Wakesho alilijua hilo, akavumilia, na akaacha kumsimamisha langoni.

Mpaka asubuhi moja, alipokuwa akifagia nje, akaona wilbaro inakunja kona kuelekea nyumba ya yule mwalimu kijana, kapera, mwenye kifua kama mlango, ambaye kabla ya korona alikuwa akicheza mpira kila jioni. Mkamburi akaweka kapu kizingitini mwake, akapiga hodi.

Ufagio ulimsimama Wakesho mkononi. Alijaribu kujizuia, Mungu ni shahidi. Lakini Mkamburi alipopita mbele ya lango lake, mdomo ulifunguka wenyewe. "Dada Mkamburi, kwani yule mwalimu naye ana..."

Mkamburi akasimama. Akageuka, akamtazama.

Wakesho akajiziba barakoa kwa viganja vyote viwili. "Basi, basi!" akasema ndani ya viganja. "Sikuuliza! Kapu lina mdomo, mchukuzi hana!"

Mabega ya Mkamburi yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka ikabidi aiweke wilbaro chini, na Wakesho akacheka naye, huyu ndani ya ua na yule nje. Siku hiyo Mkamburi alikubali kikombe cha maji. Majirani waliosikia wakalichukua lile neno, likafika bombani, na soko lilipofunguliwa likapanda magari likaenda mbali. Sasa husemwa popote mtu anapotaka kumkamua mwenzake siri aliyoaminiwa na mwingine.

Naona macho yenu. Mnataka kuniuliza yule mwalimu alikuwa akiumwa nini. Hata Wakesho hakupata kujua, pamoja na udadisi wake wote. Kapu lina mdomo, wajukuu zangu, mchukuzi hana.