Bizari Ndani ya Rejeta

Sogeeni, wenye baridi na wasio na baridi. Leo sina mafunzo ya kumpa mtu. Nina kesi, hukumu imenishinda, kwa hiyo nawaletea nyinyi ambao midomo yenu haijawahi kushindwa na kitu.

Kule juu Njombe, katika kijiji cha Ludihani, ambako asubuhi mtu akikusalimia unaiona salamu yake ikitoka na moshi, waliishi watu watatu wenye vipaji vitatu. Tasiana alikuwa na mikono isiyosubiri. Akiona sufuria imefunikwa, ataifunua. Akiona mlango umerudishwa, ataufungua. Kufikiri kwake kulikuja baadaye, jambo likiwa limeshaharibika au limeshatengemaa. Veneranda alikuwa na pua. Kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, kila dumu lilipita kwanza puani kwake kabla ya kupimwa kwa chombo, na akisema maziwa haya yamelala jirani na vitunguu, mwenyewe alibeba dumu lake akarudi nalo nyumbani bila ubishi. Gaspari, fundi wa pampu za kupulizia dawa viazi, alikuwa na moyo wa kufungua kitu kilichofungwa na mtu mwingine. Wengi wetu tunaogopa skrubu. Kwa Gaspari, skrubu ndizo zilizoogopa.

Na alikuwepo Otilia, mwenye kesi.

Marehemu mumewe, Aloyce Mgaya, alimwachia pikapu kuukuu ya kijani. Otilia aliiendesha mwenyewe, amejifunga kitenge na kuvaa koti la marehemu, akibeba maziwa ya akina mama wa kikundi chao mpaka kiwandani mjini. Jambo hilo lilimkera shemeji yake, Mzee Filoteus, kaka mkubwa wa marehemu. Alikuwa na ufunguo wa pili wa gari, aliouchukua siku ya matanga kwa maelezo kwamba anautunza. Kila Otilia alipopita barabarani, mzee alisimama mlangoni na kutikisa kichwa mpaka gari lipotee.

Basi gari likaanza kuumwa. Maji ya rejeta yalipungua kila siku, na chini ya gari hapakuwa na hata tone. Kwenye mlima wa Lugenge injini ilichemka, Otilia akasimama kando ya barabara na maziwa ya watu yakachachia mgongoni mwa pikapu. Akaongeza maji. Kesho yake ikawa vilevile.

Fundi mmoja mjini akaliangalia asubuhi na mapema. Akaona moshi mweupe unatoka kwenye ekzosi, akafunga boneti taratibu, kama mtu anayemfunika maiti uso. Alisema silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imepasuka, injini inakunywa maji yake yenyewe, na kwa umri wa gari hilo hakuna haja ya kuhangaika. Otilia alitaka kumwambia kwamba Njombe asubuhi kila kitu kinatoa moshi mweupe, hata ng'ombe, hata yeye fundi mwenyewe. Lakini aliwasha gari akaondoka bila kuaga.

Tatizo la ugonjwa huo, wasikilizaji wangu, ni kwamba kila dalili ilikuwa na kisingizio chake. Kioo cha mbele kiliota ukungu ndani, watu wakasema ni Njombe hii. Zulia la upande wa abiria lililowa, wakasema ni viatu vya mvua na madumu ya maziwa. Na moshi, ambao ndio uliokuwa wa baridi kweli, ukaambiwa ni silinda hedi.

Filoteus hakupoteza muda. Alimleta mnunuzi wa vyuma chakavu mpaka uani kwa Otilia, akiwa na wazee wa ukoo, na mnunuzi akaanza kulizunguka gari akiligonga gonga kwa kifundo cha kidole. Wazee walisema ni aibu mali ya Aloyce kuozea uani, afadhali iuzwe. Otilia alikuwa anakamua ng'ombe. Alisimama na ndoo mkononi.

"Shemeji, hili gari halijafa. Waliokufa mimi nawajua, nimewazika."

Kisha mzee mmoja, mwenye huruma au mwenye kuchoka, akatoa shauri. Gari likifika kiwandani na maziwa siku ya Jumamosi, na kurudi bila kuchemka, litabaki kwa Otilia, na Filoteus atatoa ufunguo wa pili apewe mtu ambaye Otilia atamtaka. Likichemka njiani, mnunuzi alichukue hapohapo lilipo. Filoteus alikubali haraka mno, na Otilia akajua kwamba wanamcheka.

Jioni hiyo aliwatangazia wanakikundi na kila aliyekuwepo kituoni, hasira bado imemjaa kifuani, kwamba atakayemsaidia kuliokoa gari, ufunguo wa pili ni wake, na yeye Otilia atamfundisha kuendesha. Msidharau zawadi hiyo. Katika Ludihani nzima mwanamke mwenye usukani alikuwa mmoja tu, na hata wanaume wengi waliishia kupanda nyuma. Otilia alisema "atakayenisaidia" kama vile msaada huja na mtu mmoja. Hapo ndipo alipojitega mwenyewe.

Wa kwanza alikuwa Tasiana. Aliwahi kumsikia mjomba wake, aliyekuwa utingo wa malori, akisema kwamba rejeta inayovuja hutiwa bizari, unga wake ukaziba tundu. Hakuuliza mtu. Asubuhi, injini ikiwa baridi na Otilia bado yuko zizini, alifungua kifuniko cha rejeta akamimina kopo zima la bizari, akajaza maji juu yake na kukoroga kwa kijiti. Otilia alipotokea na kuona maji ya gari lake yamekuwa ya manjano, alimfukuza Tasiana uani kwa maneno ambayo sitayarudia mbele ya watoto. Bizari yenyewe haikuziba kitu. Walipolijaribu gari mpaka mtoni, maji yalipungua kama kawaida, na kijiji kikapata cha kucheka: gari la Otilia linapikiwa pilau.

Wa pili alikuwa Veneranda. Siku hiyo ya kwenda mtoni alikaa kiti cha abiria, hita imewashwa kwa ajili ya baridi, na kabla hawajafika mbali akaanza kunusa. Alinusa hewa inayotoka kwenye hita, akanusa kioo, akainama akanusa zulia mpaka Otilia akamuuliza kama amepoteza kitu. Veneranda alichukua ncha ya kitambaa chake cha kichwa, cheupe, akafuta ule ukungu kwenye kioo. Kitambaa kikatoka na utelezi na rangi ya manjano. Akakikandamiza kwenye zulia, kikatoka cha manjano zaidi.

"Dada Otilia," alisema, "ukungu wa Njombe hauna bizari. Maji ya gari hayatoki nje wala injini haiyanywi. Tumekaa nayo humu ndani."

Otilia alisimamisha gari katikati ya barabara. Aliniambia baadaye kwamba alitaka kulia na kucheka kwa pamoja, asijue aanze na lipi. Aliporudi na kuwaambia wazee, Filoteus alisema sasa wamefikia kutibu magari kwa kunusa, na fundi wa mjini alipopelekewa habari alijibu kwamba yeye amemaliza kazi yake. Hakuna aliyetaka kugusa dashibodi ya gari lililokwisha hukumiwa, maana likiharibika zaidi, lawama zote zingekuwa za aliyeligusa mwisho. Mzee Filoteus alilisema hilo wazi, mbele ya watu: atakayelibomoa atajibu kwa ukoo.

Wa tatu alikuwa Gaspari. Alikuja na mfuko wake wa spana, akamsalimia mzee Filoteus kwa heshima zote, shikamoo na goti kidogo, kisha akaingia kwenye gari akaanza kufungua. Alitoa kisanduku cha mbele ya abiria, akatoa plastiki za chini, akaziweka juu ya gunia kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Nyuma ya hizo zote palijificha rejeta ndogo, ile ambamo maji ya moto ya injini hupita ili hita ipate joto. Alipenyeza mkono, na mkono ukatoka wa manjano mpaka kwenye kiwiko. Rejeta ndogo ilikuwa imeoza pembeni, na maji yakishuka kimya kimya chini ya zulia huku mvuke wake ukipanda kwenye kioo.

Rejeta ndogo kama hiyo haikupatikana karibu. Gaspari alifungua boneti, akaichomoa mipira miwili inayokwenda kwenye hita, wa kupeleka maji na wa kuyarudisha, akaiunganisha yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba la chuma na vibano, ili maji yasipite tena ndani. Alimwambia Otilia kwamba hita sasa imekufa na atapigwa na baridi.

"Nipigwe," alisema Otilia. "Wamenipiga na mengine."

Jumamosi walisafisha rejeta kubwa mpaka bizari ikaisha, wakajaza maji mapya, wakapakia madumu. Otilia aliendesha amejifunga blanketi, meno yanagongana, na watatu hao wamebanana nyuma na maziwa. Mnunuzi wa vyuma alifuata kwa pikipiki kama fisi anayemfuata mgonjwa. Mlima wa Lugenge waliupanda taratibu, Otilia akiangalia mshale wa joto zaidi ya alivyoangalia barabara. Mshale ulisimama katikati na hapo ukabaki. Maziwa yalipokelewa kiwandani, gari likarudi, na lilipofika mbele ya nyumba ya Filoteus, Otilia alipiga honi mpaka mzee akatoka. Ilikuwa honi ndefu kuliko ilivyohitajika, na hakuiombea radhi.

Filoteus alileta ufunguo akauweka juu ya kiti uani, wazee wakishuhudia. Mzee huyo si mjinga. Aliwatazama wale watatu, akatabasamu.

"Mlisema ni wa aliyeokoa gari. Haya, ni nani? Jumatatu maziwa yakitoka mkiwa bado mnagombana, nitaurudisha kwangu niutunze."

Kazi ikaanza. Tasiana alisema bila bizari yake maji yangeendelea kuonekana kama mvua na ukungu mpaka leo, tena yeye ndiye pekee aliyetukanwa kwa ajili ya gari hilo. Veneranda akasema bizari ilitiwa ili izibe, ikashindwa, na rangi isiyo na wa kuisoma ni uchafu tu; Tasiana mwenyewe alipita kwenye zulia lile asione kitu. Gaspari alisema machache. Alisema kujua mahali panapouma hakujampeleka mtu yeyote kiwandani, na kwamba wakati mkono wake uko ndani ya dashibodi, wote wawili walikuwa wamesimama mbali na gari. Wakamjibu kwamba bila wao asingeujua upande wa kuupeleka huo mkono.

Otilia aliwasikiliza wote, na kila aliyesema alimwona ana haki. Alimwogopa Tasiana kidogo, kwa sababu mikono isiyosubiri kwenye usukani ni hatari. Lakini ahadi haikusema atapewa mwenye tahadhari. Alifikiri pia kwamba kumpa Gaspari ni kurudisha gari la akina mama kwa mwanaume, lakini hilo nalo ahadi haikulisema. Akauokota ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kitenge chake mbele ya macho ya shemeji yake.

"Kwako haurudi, shemeji," alisema. "Hilo tu ndilo nalijua kwa sasa."

Jumatatu ni kesho, maziwa yanakamuliwa asubuhi, na mzee Filoteus ameshaweka kiti chake barabarani anangoja. Haya, nyinyi mliokaa hapa mkiota moto wangu: mwenye bizari, mwenye pua, au mwenye mkono? Pindo likifunguliwa, ufunguo huo mngeuweka katika kiganja cha nani, na wale wawili mngewatazamaje usoni?