Ngawa na Kana Isiyotosha

Paukwa!

Mbona mnaitikia kwa pua? Ubwabwa wangu mmeula kwa midomo. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Palikuwa na mti, na palikuwa na mjinga. Mti ulirefuka, mjinga akabaki vilevile. Sogeeni, na wewe unayekoroma, koroma polepole.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na mashua na watu hawana hata kata ya kuchotea maji, aliishi Ngawa. Mnamjua Ngawa: manukato kilomita nzima, na ndani ya kichwa hewa. Alikuwa na mashua yake nzuri ya tanga, na alikuwa amemposa Mwanatumu, binti wa Bi Nguchiro, aliyekaa ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari ulioingia nchi kavu.

Bi Nguchiro akasema, "Binti nitatoa. Lakini kwanza nikaione nyumba atakayokaa. Mkwe mwenyewe atanivusha. Nifike mkavu, na nifike sijaguswa."

Maana kwao mkwe haguswi. Haguswi kwa mkono, haguswi kwa nguo, haguswi kwa kitu ulichokishika. Wala husemi naye uso kwa uso. Unapitisha maneno kwa mwingine. Ukimgusa, posa imekufa, rudi nyumbani ukalale.

Ngawa akafurahi. Akaanza kujizoeza karibu na ufuko wa akina Mwanatumu, ili aonekane. Lakini usukani ulikuwa mzito! Ile kana, mti anaoushika nahodha kuugeuza usukani, ilikuwa inamvuta mabega. Mashua kila saa inageuza pua kwenye upepo kama mbuzi aliyeona bustani ya watu, naye anaivuta, anaivuta, jasho linamchuruzika hadi manukato yakageuka harufu.

Mwanatumu alikuwa ufukweni akisugua masufuria. Akamwita, "Ngawa! Kamba ya tanga umeikaza mno. Ilegeze kidogo, usukani utakuwa mwepesi."

Ngawa akacheka. "Tanga la mwanamume halilegezwi! Tanga lililolegea ni kanga ya mzazi. Kosa ni la kana. Ni fupi."

Kwa sababu bandarini kwao madume walipimana kwa tanga. Mwenye lililokaza kama ngoma, huyo ndiye dume. Upepo ukitaka lipasuke, lipasuke, mradi jirani ameona.

Akaenda kwa Fundi Kigong'ota. "Fundi, niongezee kana."

Fundi akamtazama, akaitazama mashua, akalitazama tanga. Mteja ni mteja. Akafunga kipande cha mvule kwenye kana ya zamani, akiimba:

*Ko-ko-ko, mti huongezwa,*
*ko-ko-ko, akili je?*

Ngawa akaenda kujaribu. Lo! Usukani ukawa mwepesi kidogo. Mnadhani alishukuru? Alikaza tanga zaidi! Uzito ukarudi palepale.

Mwanatumu akasema, "Ngawa, kamba."

"Tanga la mwanamume halilegezwi! Kana ni fupi."

Akarudi kwa fundi. *Ko-ko-ko.* Kipande cha pili. Sasa nahodha anakaa katikati ya mashua, kama abiria aliyekosa nauli. Usukani ukawa mwepesi, akakaza tanga, uzito ukarudi.

Mwanatumu akasema, "Kamba, wewe, kamba!"

"Tanga la mwanamume halilegezwi!"

*Ko-ko-ko.* Kipande cha tatu. Kana ikafika mlingotini. Nahodha akawa anaongoza mashua amesimama mbele, na kila anapogeuza, ule mti unafagia mashua nzima kama fagio la mke aliyekasirika. Kunguru waliokuwa wanatua ukingoni walihama.

Siku ikafika. Bi Nguchiro akapanda, kajifunga kanga mpya, kakaa ubaoni upande upepo unakotokea. Mwanatumu akakaa nyuma. Ngawa akasimama mlingotini na ncha ya mti wake, kifua mbele, tanga limekaza linalia *ng'iii*.

Katikati ya hori upepo ukaja. Mashua ikageuza pua. Ngawa akasukuma kana, na kana ikaanza safari kuelekea kwa mkwe.

"Mwanatumu! Mwambie mama asogee!"

"Mama, unaambiwa usogee."

Bi Nguchiro akasogea. Kana ikamfuata.

"Mwambie asogee tena!"

"Mama, usogee tena."

Akasogea. Kana nayo ikasogea.

"Mwambie asogee kidogo tu!"

"Mama..."

"Nimesikia! Mwambie huyo mwambiaji mashua imekwisha! Huku nyuma yangu ni kwa samaki!"

"Ngawa, legeza kamba!" Mwanatumu akapiga kelele.

"Tanga la mwanamume..."

Hakumaliza. Upepo ukapiga, kana ikamshika Bi Nguchiro tumboni, *chubwi!* Kanga juu, mama chini.

Mwanatumu hakulia. Aliifungua ile kamba ya tanga. Mashua ikatulia kama mtoto aliyenyonya. Akavifungua vile vipande vya mvule, kimoja, cha pili, cha tatu, akamtupia mama yake ajishikie.

Na Ngawa je? Ngawa alipiga mayowe! "Usitupe! Huo ni mvule! Mvule haupatikani siku hizi!"

Mmesikia? Mkwe anakunywa maji ya chumvi, yeye analilia mbao.

Mwanatumu akashika kana ya zamani, ile fupi, kwa vidole viwili. Akaizungusha mashua, akamwokota mama yake, amelowa kama tambara la kudekia.

Ngawa akasema, "Mwambie mama sikumgusa mimi. Ni kana."

Safari hii Bi Nguchiro hakungoja mpitisha maneno. "Na kana ilishikwa na nani? Na babu yangu? Mwanangu, geuza mashua turudi kwetu. Nyumba ya huyu nimeshaiona."

"Lakini mama, posa..." Ngawa akadakia.

"Usiniite mama. Posa umeisukumia majini kwa mkono wako mrefu."

Wakarudi ufukoni kwao, Mwanatumu akiongoza, tanga limelegea, mashua inateleza taratibu. Wakashuka, wala hawakugeuka nyuma.

Mnadhani Ngawa alijifunza? Subutu! Aliviokota vipande vyake, akaenda mbio kwa Fundi Kigong'ota.

"Fundi! Nimeligundua kosa!"

"Ehe?"

"Kana ilikuwa fupi! Ingekuwa ndefu zaidi, ingempita juu."

Fundi akatikisa kichwa, akachukua mti mwingine. Ndiyo maana hadi leo mkipita msituni mnasikia *ko-ko-ko, ko-ko-ko*. Ni Kigong'ota, anamwongezea Ngawa kana. Na Ngawa hadi leo hana mke. Anazurura peke yake, ananukia bure.

Mafunzo yake ni haya: anayekataa kulegeza kamba yake atarefusha mti mpaka uwasukume anaowahitaji. Wanaume mliokaa hapo, msiangalie moto. Ninasema nanyi.

Ngano yangu imefika ufukoni, imefika kavu. Aliyelowa ajianike. Sasa ondokeni, na anayepita mlangoni apite vizuri: mimi pia ni mkwe wa watu, msiniguse.