Sultani Mundhiri na Migongo Elfu Mbili

Hapo zamani, wakati masultani walikuwa hawajakwisha na mtandao ulikuwa umekwisha kufika, palikuwa na mji uitwao Mbwarani, na mtawala wake alikuwa Sultani Mundhiri bin Zahrani, mtu mwenye hekima nyingi kwa ushahidi wa wote waliolipwa kushuhudia. Katika mji huo alikaa mwanamke mmoja, jina lake Mize binti Shaha, hana mali, hana shamba, wala hana hata kigoda kisichoyumba. Alichokuwa nacho ni simu moja yenye kioo kilichopasuka, na ulimi mmoja usiokuwa na ufa.

Basi Mize akafungua duka. Duka lenyewe halikuwa na mlango, wala rafu, wala nguo. Lilikuwa mtandaoni, ndani ya ile simu. Humo alionyesha picha za fulana, na chini yake ameandika: "Chagua rangi, sema maneno uyatakayo, nami nitakuchapia moja tu, yako." Mteja akiagiza, Mize humpelekea kwanza mfano auone, na akisha kuthibitisha herufi kwa herufi kwamba ndivyo atakavyo, ndipo fulana huchapwa kwa Mzee Bwanga, mchapaji mwenye mashine moja iliyokoroma kama mwenyewe. Isipoagizwa, haichapwi. Mwezi wa kwanza watu wa Mbwarani walimcheka, wakasema, "Mize anauza nguo zisizokuwako." Mwezi wa pili wakaagiza. Mwezi wa tatu kila mmoja akadai kwamba wazo lilikuwa lake, kaibiwa.

Ikawa mwaka ule Sultani anatimiza miaka ishirini na mitano ya kukaa kitini, kazi aliyoifanya bila ya kupumzika. Waziri wake, Waziri Mbaruku, akaona vema raia wafurahi, wapende wasipende, akaamuru zichapwe fulana elfu mbili zenye uso wa Sultani kifuani. Mchoraji akampunguzia Sultani miaka thelathini, akamwongezea nywele. Na fulana zote zikashonwa kwa kipimo kimoja, nacho ni kipimo cha Sultani mwenyewe, kwa kuwa mshonaji alipouliza vipimo vya raia, Waziri alijibu kwamba hakupata kusikia kuwa raia wana vipimo. Na Sultani, Mungu amzidishie, alikuwa mtu wa kuenea.

Zikapelekwa sokoni, zisinunuliwe. Kila aliyeulizwa alisema, "Nzuri mno hizi, mimi sizistahili." Mji ule haukupata kuonyesha unyenyekevu mkubwa kama huo. Wiki tatu zikapita, fulana zikarejeshwa ghalani kama zilivyotoka, panya wakazikagua, nao wakahama.

Sultani aliposikia, akanuna siku mbili. Siku ya tatu Waziri akamnong'oneza habari za mwanamke auzaye vitu visivyokuwako, na Mize akaitwa kasrini.

"Ewe binti Shaha," Sultani akasema, "ni kweli wauza nguo usizokuwa nazo?"

"Ni kweli, Bwana wangu."

"Na watu hununua?"

"Hununua kwanza, Bwana wangu, kisha nguo huzaliwa."

"Huo ni utapeli," akasema Waziri.

"Mheshimiwa Waziri, mimi nilifunzwa kwamba utapeli ni kumtengenezea mtu kitu bila ya kumuuliza, kisha kumlaumu kwa kutokitaka. Lakini mimi si msomi."

Waziri akageuka rangi. Sultani, ambaye hakuwa amesikiliza ila nusu, akainua kidole. "Basi kama waweza kuuza zisizokuwako, haitakushinda kuuza zilizoko. Nakupa siku kumi. Siku ya kilele cha sherehe, raia watapita mbele ya roshani yangu, na fulana zangu zote elfu mbili ziwe miilini mwao. Usizigawe bure, wala usimlazimishe mtu. Kulazimisha ni kazi ya serikali. Na uso wangu usiguswe. Usiongezwe nukta, usipunguzwe unywele."

"Hasa unywele," akakazia Waziri.

"Ikibaki fulana moja ghalani, simu yako itatiwa kinuni na kutwangwa, na mashine ya huyo mchapaji wako itakuwa mali ya kasri."

Mize akainama, akatoka. Simu ile ndiyo iliyomtoa katika kufua nguo za watu. Na mashine ya Bwanga ilikuwa haijapata kumkosea mtu chochote.

Mzee Bwanga aliposikia, akakaa chini juu ya bunda la fulana. "Mwanangu, umeniuza."

"Bado, Babu. Wewe hujaagizwa."

"Usinichekeshe. Mashine hii inalisha wajukuu wanane."

"Najua, Babu. Nami inanilisha wa tisa."

Mize akaichukua fulana moja ya Sultani aliyotoka nayo kasrini, akaivaa juu ya gauni lake aone ubaya wake umefika wapi. Ikammeza hata magotini. Akageuka huku na huku, na Bwanga aliyekuwa nyuma yake, pamoja na huzuni zake, akaguna. "Laiti wangekupa kazi ya mpunga. Hapo mgongoni panatosha kuanika gunia zima."

Mize akasimama. "Babu, sema tena."

"Nimesema mgongo ni mpana. Nimekosa nini?"

Mize alikuwa amekwisha kukaa chini, anaandika barua kwa Waziri, naye katika biashara yake hakuzoea kuchapa kitu kabla ya mwenye nacho kuthibitisha. Akaandika kwa adabu zote: "Amri ya Bwana wetu imetaja uso, nao hautaguswa. Je, iko amri yoyote juu ya nyuma yake?" Waziri akaisoma, akaona ndani yake dharau asiyoweza kuionyesha kwa kidole, akajibu kwa mstari mmoja na kuugonga muhuri: "Sultani hana nyuma."

Jioni ile ile duka la Mize likaonyesha fulana mpya. Chini yake pameandikwa: "Mbele ni Sultani. Nyuma ni wewe. Sema maneno uyatakayo."

Asubuhi yake simu ilikuwa ya moto mkononi. Watu ambao jana hawakustahili, leo walistahili wawili wawili. Mwanamke mmoja akaagiza, "Wifi yangu, nimesikia." Bi Tatu wa mtaa wa juu akaagiza, "Kabati linauzwa, milango miwili, kioo kizima." Mwalimu wa chuo akaleta ubeti wa mistari miwili juu ya kisima cha mtaa wake, na mfano akaurudisha mara nne kwa sababu ya mkato mmoja, hata Bwanga akaapa kwamba watu wa vina na mizani wangestahili kodi ya peke yao.

Akaja pia kwa miguu mchukuzi wa chumvi aitwaye Chumu, mtu mrefu asiyekuwa na simu.

"Niandikie 'Daraja'," akasema.

"Daraja gani, kaka?"

"Andika hivyo. Wanaolivuka wanalijua."

"Nafasi ipo ya maneno thelathini, na bei ni ile ile."

"Mimi nina moja, dada. Nalo nimelisema miaka kumi na mmoja kwa mdomo. Acha sasa liseme lenyewe."

Basi mashine ikakoroma usiku na mchana, na siku ya tisa alasiri ghala la Sultani likawa tupu, limebaki vumbi na mtego wa panya.

Ikafika siku ya kilele. Sultani akaketi roshanini, Waziri kulia kwake, na Mize akasimamishwa kando baina ya askari wawili, kwa kuwa Waziri hakupenda kuamini hesabu ya mtu maskini. Ngoma zikalia, na raia wakajitokeza mwisho wa barabara. Sultani akaona uso wake unamjia, kisha nyuso zake kumi, kisha elfu, zote za kijana mwenye nywele, zikipepea kwa upepo. Macho yakamlengalenga.

"Waziri, naona wananipenda."

"Wanakupenda, Bwana wangu, kwa mapana na marefu."

Raia wakafika chini ya roshani, wakainama kwa heshima isiyo na doa, wakapita, wakashika njia ya mtoni kurudi makwao. Na walipopita, ikawa Sultani anatazama migongo.

Wa kwanza aliyemsoma ni yule mwalimu wa chuo:

*Maji twatafuta mbali, kisima kimekauka,*
*wenzetu wanywa asali, wala hawajasumbuka.*

Sultani akasoma mara mbili. Akasoma mwingine: "Paa la darasa letu ni mawingu." Mwingine: "Aliye kifuani kashiba, aliye ndani bado." Waziri akainuka, sauti imempanda. "Bwana wangu, hii ni fitina. Askari, wavueni nguo hizo."

Mkuu wa askari hakuwa mwepesi wa akili, lakini alikuwa mwepesi wa kuogopa. "Mheshimiwa, niushike uso wa Sultani mbele ya watu, niuvute juu, niutupe chini? Hilo nitaliomba kwa maandishi."

"Mwanamke huyu ametudanganya," akasema Waziri.

"Mheshimiwa Waziri," akasema Mize, na moyo wake unampiga kama mashine ya Bwanga, "uso haukuguswa. Nyuma niliiombea ruhusa." Akaitoa barua. Sultani akaipokea mwenyewe, akasoma kwa sauti: "Sultani hana nyuma." Akautazama muhuri, akamtazama Waziri muda mrefu, kama mtu anayepima nguo ya mwingine.

"Binti Shaha, ni wangapi walionitaja mimi?"

"Wapata mia tatu, Bwana wangu."

"Na waliobaki?"

"Wana mambo yao. Kuna kabati linauzwa."

Nao wasimuliaji husema kwamba neno hili lilimchoma kuliko matusi yote, kwani Sultani aliyekuwa tayari kuchukiwa na elfu mbili hakuwa tayari kusahauliwa na elfu moja na mia saba.

"Nataka kuwasoma wote," akasema. "Waamrishe warudi."

"Wakirudi, Bwana wangu, utaona uso wako," akasema Mize.

Waziri akapendekeza kamati. Lakini Sultani alikuwa amekwisha kusimama, akashuka ngazi, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mitano akatembea nyuma ya raia zake. Waziri akafuata, maana kubaki ilikuwa hatari zaidi. Mize akafuata kwa kuwa askari waliomshika nao walifuata.

Akatembea akisoma. Akakipita kisima, akachungulia, akaona mbuzi ndani yake amelala pakavu, raha mustarehe. Akalipita darasa, akainua macho, na kweli yalikuwa mawingu. Akamjua Bi Tatu na bei ya kabati lake. Hatimaye akajikuta nyuma ya mtu mrefu aliyeandika neno moja tu katika mgongo ulioweza kubeba hutuba.

"Nafasi yote hii," Sultani akasema, "na huyu ameandika 'Daraja'. Ana maana ga…"

Ubao wa nne wa daraja la mtoni haukuwako. Mguu wa Sultani ukapita ulipokuwa zamani, ukafuatwa na paja, na hapo ndipo kuenea kwake kulipomwokoa, kwa kuwa sehemu iliyobaki haikuweza kupita. Kiatu kimoja kikaanguka mtoni, kikachukuliwa na maji.

Chumu akageuka, akamshika makwapani. "Taratibu, Bwana wangu. Hapa sisi huruka. Mke wangu hakuruka mwaka ule, alikuwa na mimba."

Akamvuta, akamketisha ukingoni. Raia wakasikia kishindo, wakageuka wote pamoja, na Sultani akainua macho akakuta vijana elfu mbili wenye nywele nyingi wanamtazama yeye, mzee mwenye kiatu kimoja.

Kisha akasema, "Waziri Mbaruku, fulana hizi, ni nani aliyeziagiza?"

"Hapana aliyeziagiza, Bwana wangu. Sisi tuliona vema."

"Na daraja, ni nani aliyeliagiza?"

Waziri akautazama mgongo wa Chumu. "Watu, Bwana wangu."

"Lini?"

"Kila mwaka, Bwana wangu."

"Tukatengeneza kipi?"

Waziri akatazama mto, na mto haukumsaidia. Ndipo Sultani akacheka, kicheko kibaya kisicho na furaha, na raia hawakujua kama wacheke naye au wainame, basi wengine wakafanya hili na wengine lile.

Simu ya Mize haikutwangwa, wala mashine ya Bwanga haikuhama. Daraja, ambalo lilikuwa likifikiriwa miaka kumi na mmoja, likajengwa kwa siku tisa, na mbao zake zikabebwa na Waziri Mbaruku mwenyewe, aliyevikwa kwa kazi hiyo fulana ya kipimo cha Sultani ili asikose pumzi. Na daraja lilipokwisha, Sultani akamwita Mize, akamwambia, "Nimekujengea ghala kubwa karibu na kasri, liwe zawadi yako."

Mize akainama. "Mungu akuweke, Bwana wangu. Uliniuliza kama nalitaka?"

Sultani akatazama dari. "La," akasema.

"Basi na tuanze upya."

Sultani Mundhiri akajivuta mbele kitini, na kwa shida ya mtu anayejifunza lugha ngeni akasema, "Binti Shaha, wataka nini?" Naye akamwambia, na lile alilomwambia ni lake yeye na Sultani. Mimi nimewapa nililoagizwa, na hekaya iliyokwisha kuchapwa hairudishwi.