Jina la Kitukuu cha Tumpale

Kulikuwa na mwinjilisti aliyejua kuficha, muuguzi aliyejua kukumbuka, na binti aliyejua kuhesabu. Nawaomba mniache niseme mpaka mwisho, maana hadithi hii hunipandisha hasira kila nikiisimulia, na nikikatizwa nitaishia kutukana watu wa dini.

Mahali ni milimani, kwenye hospitali ya misheni yenye shule ya wauguzi. Mwaka wa pili baada ya Uhuru, watoto wachanga walianza kufa. Walizaliwa wazima wodini, wakaenda nyumbani na mama zao, na siku ya sita wakarudishwa taya zimekaza, hawawezi kunyonya. Ilikuwa pepopunda. Wauguzi walifundishwa kwamba mchungaji akiwa mbali, wabatize wenyewe: maji kidogo kichwani, jina, basi, halafu waandike kwenye kitabu cha ubatizo wa dharura. Katika miaka miwili waliandikwa humo watoto sitini na mmoja.

Nani aliwaua? Wakubwa wa hospitali na wazee wa kanisa hawakuhitaji hata wiki moja kupata jibu. Mama zao, walisema. Wanapaka kinyesi cha ng'ombe kwenye kitovu. Hakuna aliyekwenda kuwauliza. Mama wote waliofiwa wakatengwa, wakanyimwa Meza ya Bwana. Mmoja wao alikuwa Tumpale, binti wa miaka kumi na tisa. Maziwa bado yanamtoka na mtoto hayupo, wakamsimamisha mbele ya usharika atubu. Akasema hatubu jambo ambalo hakulifanya. Kwa hilo alikaa benchi la nyuma zaidi ya miaka hamsini, kila Jumapili, mkate ukimpita.

Sasa wasikilizeni hao watatu.

Gwakisa alikuwa mwinjilisti. Usharika ulipojiandaa kwa jubilii, ofisi iliagiza makaratasi ya zamani yachomwe, na yeye ndiye aliyepewa kiberiti. Alichoma barua, alichoma ratiba za kwaya. Alipokifikia kile kitabu cha ubatizo, na kingine cha waliotengwa, akaona majina ya mama ni yaleyale katika vyote viwili, na mkono ukamshinda. Akavisokomeza ndani ya mimbari, ambayo kwa chini ilikuwa na uwazi, akahubiri juu yake miaka ishirini na miwili. Siku alipokuja mtafiti kuviulizia, ofisi nzima ilisema vilishachomwa. Gwakisa akaenda kuvitoa mwenyewe mchana kweupe. Wiki iliyofuata alifukuzwa kazi kwa kukaidi agizo, akatolewa katika nyumba ya kanisa na mke wake mgonjwa.

Lakini vitabu vile vilisema nani alikufa na lini. Havikusema kwa nini. Aliyejua ni Atupele, aliyekuwa mwanafunzi wa uuguzi miaka ile, na daftari lake la masomo analo hadi leo. Humo ameandika kwa kalamu ya wino: kitovu kikishakatwa, tia unga wa kukaushia. Kopo la unga ule lilikaa wazi dirishani katika wodi mpya ya wazazi, na nje ya dirisha palikuwa na zizi la ng'ombe wa maziwa wa misheni. Kiangazi vumbi la zizi liliingia ndani mpaka vitandani. Mnanielewa? Kinyesi cha ng'ombe kilikuwapo kweli. Ng'ombe wenyewe walikuwa wa misheni.

Atupele alimwambia mkufunzi wake kwamba unga umechafuka. Akajibiwa, "Kitabu kinasema unga, utatia unga." Akatia. Uzeeni watoto wake walimsihi akae kimya, wasije wakaaibika. Yeye akasimama kanisani, akainua mkono wa kulia na kusema, "Mkono huu ndio uliotia." Tangu siku hiyo wako wanawake wa rika lake ambao hawaitikii salamu yake.

Wa tatu ni Lusajo, yule mtafiti, mwanafunzi wa chuo kikuu. Alikaa na vitabu viwili na daftari moja kwa miezi minane. Akaona kwamba wote sitini na mmoja walizaliwa wodini, na kwamba kati ya waliozaliwa majumbani hakufa hata mmoja kwa ugonjwa ule. Vifo vilianza mwezi ilipofunguliwa wodi mpya, vikakoma mwezi ng'ombe walipouzwa. Msimamizi wake akamtaka aandike kwamba chanzo kilikuwa mila potofu, kwa kuwa ndivyo vitabu vyote vya fani vilivyosema, na yeye mwenyewe alikuwa ameandika viwili. Lusajo alikataa, akapoteza nafasi yake chuoni. Shahada hana mpaka leo. Kitabu alichokiandika anacho.

Kitabu kilitoka. Leo wauguzi wanafundishwa kwacho. Jaladani mnadhani kuna jina la nani? Kamati ya Historia ya Usharika, iliyokutana mara mbili, na mara zote mbili kunywa chai. Siku ya uzinduzi mzee wa kanisa alishika kipaza sauti akasema kwa upole kwamba zamani makosa yalifanyika. Yalifanyika, yaani yalijifanya yenyewe! Nilitoka nje.

Tumpale alisomewa kitabu chote na mjukuu wake Ikupa. Akarudishiwa Meza ya Bwana. Miezi mitatu baadaye Ikupa akajifungua binti, akamwambia, "Bibi, mtoto huyu utampa jina wewe." Majina ya kwao hayabagui mwanamume wala mwanamke. Tumpale akawaita wote watatu nyumbani kwake Jumamosi, akasema kwamba mtoto atachukua jina la yule aliyemwondolea yeye lawama.

"Apewe yote matatu," Ikupa alisema.

"Majina matatu ni ya kwenye cheti. Mtoto anaitwa kwa jina moja." Kisha akamgeukia Gwakisa. "Wewe ulivikalia miaka ishirini na miwili, na kila Jumapili unaniona pale nyuma."

"Ningevitoa mapema vingechomwa, mama. Hakukuwa na mtu anayevitafuta."

"Na wewe, Atupele, ndiwe uliyemtia mwanangu unga."

"Ndiyo," Atupele alisema. "Mwanao nilimtia mimi. Wenzangu tuliofundishwa nao wamekufa wote. Nisingesema mimi, nani angesema?"

Tumpale akamgeukia wa tatu. "Lusajo, jina langu umelichapa hujaniomba. Na jalada ukawaachia walionitenga."

"Ningezunguka kuomba, bibi, wazee wa kanisa wangejua kabla kitabu hakijachapwa. Na jalada ndilo walilodai ili kitoke. Nikaona bora watu wasome."

Hapo wakaanza kubishana wao kwa wao, na kwa sauti za juu. Gwakisa anasema bila vitabu wangekuwa na uvumi tu. Atupele anasema bila daftari lake vitabu vingeendelea kuwahukumu mama wale. Lusajo anasema vitu hivyo vilikuwapo miaka yote na hakuna aliyeviweka pamoja. Wote wana haki. Tumpale aliwasikiliza mpaka jioni, akawaaga bila kutaja jina.

Jumapili aliketi mbele, kitukuu mapajani kwa Ikupa, wale watatu nyuma yao. Mchungaji akachovya vidole, akauliza, "Mtoto huyu aitwe nani?" Kanisa zima likamtazama bibi.

Nanyi msinijibu kwa kuogopa kumuudhi mtu. Kwa kuogopa kumuudhi mtu ndivyo walivyomnyamazia miaka hamsini na kitu. Maji yako tayari na mtoto ameanza kulia. Mwanamke huyu aliyewekwa benchi la nyuma anawauliza ninyi. Mngemwambia ataje jina la nani?