Shafti Iliyonyamaza

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, ya watu ambao makaburi yao bado yana udongo mbichi, palikuwa na kiwanda cha mkonge bondeni, na ndani yake mashine ya kuchakata majani iitwayo korona. Msicheke. Jina hilo ni kongwe kuliko ule ugonjwa. Korona ina gurudumu zito la visu, gurudumu lina shafti, na shafti inalala ndani ya bushi, pete ya shaba. Baina ya chuma na shaba hapana kitu ila utando wa mafuta, mwembamba kuliko unywele. Utando ukiwepo, chuma kinaelea. Utando ukikatika, chuma kinakula shaba, na aliye karibu ajiombee dua.

Aliyesimama karibu, akiilisha majani, alikuwa Mbaruku, mtoto pekee wa Bi Mwanamvua. Macho ya mama huyo yalikuwa yamekwisha kufa. Mbaruku ndiye aliyemchotea maji, ndiye aliyemtengea chakula, ndiye aliyemshika mkono kumtoa uani na kumrudisha ndani.

Basi korona ikaanza kugonga. Bushi imelika. Bosi akamwita Mwantumu, mhandisi kijana aliyetoka chuoni na kompyuta yake, akamuuliza, "Tuisimamishe, au itatufikisha masika?"

Mwantumu si mvivu, msimwonee. Alipima shafti, akapima bushi, akaukata ule utando ndani ya kompyuta vipande vidogo vidogo kama macho ya wavu, akatafuta mgandamizo wa mafuta katika kila jicho, akarudia na kurudia mpaka namba zikatulia. Jibu likaja: utando upo, mashine itafika masika. Lakini mafuta aliyoyapima yalikuwa ya asubuhi, mazito. Mchana hupata moto yakawa mepesi kama maji. Akajaribu hesabu ya mchana, namba zikakataa kutulia. Kila akirudia, zinaruka huku na huku. Na bosi anapiga simu, jibu liko wapi? Mficha uchi hazai, lakini binti wa watu aliona haya kusema "sijui". Akatoa jibu la asubuhi. Na korona ikazunguka.

Fundi Hizza, mtunzaji wa mashine, alikuwa akingoja bushi mpya, nayo haiji. Watu wanalalamikia kelele. Akakata bati la kopo la maziwa, akalipachika nyuma ya bushi kuziba ulegevu. Kelele zikakoma, wakamsifu, kichwa kikavimba. Hakuangalia kwamba bati limeziba nusu ya tundu la mafuta. Wala hakumwambia mtu. Fundi gani anatangaza kiraka chake? Na korona ikazunguka.

Mchana wa siku yenyewe, Shemdoe, msimamizi wa zamu, aliweka kiganja juu ya chuma kinachoshika bushi, akakiondoa mbio. Moto! Angeweza kuizima. Lakini lilibaki trela moja la majani. Mkonge uliokatwa ukilala unaharibika, na jani lisilopita mashineni mkataji halipwi. Akawaonea huruma wakataji. Akaagiza ndoo ya maji, akamwaga. Shaba ikajikunja kwa baridi, ikaibana shafti, shafti ikakatika. Gurudumu liliruka, na Mbaruku akafa palepale, jani bado mkononi.

Kiwandani walipohojiwa, kila mmoja alimnyooshea mwenzake kidole. Ni hesabu! Ni bati! Ni maji! Aibu tupu.

Siku ya kuanua matanga, Bi Mwanamvua akawaita wote watatu, wakaketi mkekani mbele yake.

"Sitaki askari, wala sitaki fidia," akasema. "Nataka kujua nani kaniulia mwanangu. Huyo ndiye atakayekuwa mwanangu. Atanichotea maji, atanishika mkono, na siku yangu ikifika atanizika."

Mwantumu, ambaye tangu msiba ule hakufumba macho bila kuziona zile namba zikiruka, alidhani hakuna mwingine atakayekiri. Akawahi.

"Mimi, mama. Namba zilikataa kutulia, na kule kukataa ndiko kulikokuwa jibu. Nililiona, nikalificha. Mimi ndiye."

"Usimdanganye mama!" akafoka Hizza. "Wewe ulihesabu tundu zima, mimi nikaacha nusu. Mbaruku hakupita asubuhi bila kuniambia 'shikamoo fundi', nami kwa bati lile ndivyo nilivyomjibu. Mimi ndiye. Tena wewe mwanamke, kaburini hushuki."

"Nawe mwanamume, maiti ya mwanamke huioshi," akajibu Mwantumu.

Shemdoe alikuwa akilia waziwazi. "Ninyi hamkuwepo. Moto niliugusa mimi, kwa kiganja hiki. Palihitajika kidole kimoja tu kuizima mashine. Mimi ndiye."

Wakabishana mpaka majirani wakachungulia. Ole wao, walichokitupa kiwandani sasa wanakigombania mkekani. Bi Mwanamvua akawasikiliza hadi wakaishiwa maneno.

"Alfajiri ya siku ile," akasema taratibu, "Mbaruku alisimama mlangoni hataki kutoka. Akaniambia, 'Mama, mashine ilikuwa ikigonga, sasa imenyamaza ghafla, na kimya chake sikipendi. Leo nibaki.' Nikamcheka. Nikamwambia, mwanamume mzima waogopa kimya? Nenda, baba. Akaenda."

Mama akanyoosha mkono mbele yake, akitaka kusimama, akimngoja mwanawe mpya aushike. Mwantumu ndiye aliyekuwa karibu zaidi. Aliutazama mkono ule, akautaka kwa moyo wote, na wake mwenyewe ukakataa kuinuka.

Mimi nimefika hapo, na mama bado hajasimama. Basi niambieni ninyi, msiharakishe: je, nani alistahili kuushika?